Siku nne Northumberland na mama, bila gari: tukae wapi na Lindisfarne tunafikaje?

Binti_Mikindani
Wadau, habari zenu. Mwezi wa sita nitakuwa London na mama yangu wa miaka 66. Shughuli za familia zikiisha tutabaki na siku nne za kutembea. London tutakuwa tumeshaimaliza, na Edinburgh nasikia imefurika watalii. Nimetajiwa kaunti ya Northumberland, pwani ya kaskazini-mashariki mpakani na Uskoti. Je, tukae mji gani? Bila gari inawezekana? Na kisiwa cha Lindisfarne, mama atakimudu? Goti linamsumbua: kilomita mbili za tambarare anaziweza, ngazi nyingi hapana. Nyama tunakula ya halali tu.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mpe mama shikamoo yangu. Kaeni Berwick-upon-Tweed siku zote nne, msihamehame na mabegi. Treni kutoka London King's Cross inafika moja kwa moja kwa saa tatu na nusu hadi nne, na mabasi ya pwani mnayapandia hapohapo mjini. Alnwick ina ngome kubwa, lakini stesheni yake ilifungwa 1968. Mtashuka Alnmouth halafu mtafute basi, na kwa goti la mama huko kupandapanda kutachosha.

Berwick wengi huiona dirishani tu wakielekea Edinburgh, na wanakosa kitu. Waskoti na Waingereza waliupokonyana mji huu kwa karne kadhaa, hadi 1482 ulipobaki kwa Waingereza. Boma lake lilianza kujengwa 1558. Ukuta ni mnene na mfupi, umeshindiliwa udongo ili risasi ya mzinga izame badala ya kuupasua, na pembe zake zimechongoka kama ncha ya mshale ili mizinga ya pembe moja ilinde ukuta wa pembe inayofuata. Aliyewahi kuizunguka Fort Jesus ya Mombasa ataitambua hesabu hiyohiyo ya ujenzi wa Kiitaliano. Mzunguko mzima ni kama kilomita mbili, kwa hiyo mama anauweza. Tembeeni katikati ya njia: kingo nyingi hazina kizuizi, na nyasi zikilowa huteleza.

Sasa Lindisfarne, ambayo wenyeji huiita Holy Island. Barabara yake hufunikwa na maji mara mbili kila siku, na kila mara hufungwa kwa takriban saa tano. Halmashauri ya kaunti hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, na ratiba yenu yote ianzie kwenye jedwali hilo, kabla hata ya kulipia chumba. Mtu wa pwani ataelewa haraka: kule bamvua, yaani maji makuu, hujaa alasiri, kwa hiyo siku za mwezi mpya na mwezi mpevu barabara hufungwa katikati ya mchana. Mkienda siku hizo, mtatoka kisiwani kabla ya adhuhuri au mtakaa hadi jioni. Siku za maji mafu, yaani za nusu mwezi, ndizo nzuri, kwani barabara huwa wazi sehemu kubwa ya mchana. Angalieni kalenda ya mwezi, kisha thibitisheni kwenye jedwali.

Jedwali limeandikwa kwa saa 24. Ukisoma 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Hilo la kugeuza saa limewachanganya wengi wetu.

Anayekodi gari asiamini macho yake. Sehemu inayozama kwanza iko karibu na daraja, upande wa bara. Anayetoka kisiwani huona lami kavu kwa muda mrefu, kisha anakuta maji mwishoni, nyuma nako kumeshajaa. Ndiyo maana pana kibanda cha mbao juu ya nguzo, cha kujiokolea. Upepo mkali wa baharini unaweza kuyaleta maji mapema kuliko jedwali, kwa hiyo msivuke dakika za mwisho.

Ninyi pandeni basi namba 477 kutoka Berwick. Ratiba yake hufuata maji na haliendi kila siku, hivyo itafuteni ya tarehe yenu hasa. Kijijini, magofu ya monasteri yako karibu sana na ni tambarare. Mtawa Aidan alianzisha monasteri hapo mwaka 635, Waviking wakaivamia 793. Ngome iko kama kilomita moja mbele, na njia yake ya mwisho ni mawe yenye mwinuko mkali. Mama aitazame akiwa chini, inapendeza zaidi ukiwa mbali. Kitabu maarufu cha Injili za Lindisfarne ni mali ya British Library, London, kwa hiyo msitarajie kukikuta kisiwani.

Reli_Kwanza
Naongezea la tiketi. Nunueni Two Together Railcard, kadi moja ya watu wawili inayopunguza theluthi ya nauli. Ilikuwa pauni 35 mwaka 2025. Mgeni anaruhusiwa, na inahitaji picha za wote wawili. Masharti: lazima msafiri pamoja, na Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Mkipanda treni ya saa mbili nayo, mnahesabiwa hamna tiketi halali.

Tiketi za bei ya chini ziitwazo Advance hutoka wiki 8 hadi 12 kabla ya safari, na hufungwa kwenye treni moja tu. Usishuke njiani nazo. Mkitaka kusimama Durham, nunueni tiketi mbili: London hadi Durham, kisha Durham hadi Berwick. Na simameni kweli. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1093 na ndimo alimozikwa mtakatifu Cuthbert, yule ambaye watawa wa Lindisfarne waliubeba mwili wake walipokimbia Waviking. Kutoka stesheni mnateremka kisha mnapanda tena hadi kanisani, na kurudi ni vivyo hivyo, kwa hiyo chukueni teksi.

Kaeni upande wa kulia wa treni. Baada ya Alnmouth bahari inajitokeza, na mnaingia Berwick juu ya daraja la matao 28 lililofunguliwa 1850.

Binti_Mikindani
Shukrani sana. Vipi visiwa vya Farne na wale ndege? Na chakula?

Buabua
Boti huondoka Seahouses, mnafika kwa basi X18. Safari za kufika Berwick ni chache kwa siku, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka. Mwezi wa sita ni wakati wake hasa, kwani puffin, ndege wa baharini wenye mdomo wa rangi, huondoka kuelekea mwisho wa Julai. Kushuka Inner Farne mnalipa ada ya National Trust, shirika la uhifadhi, mbali na nauli ya boti. Vaeni kofia ngumu kidogo: buabua hutaga kando ya njia na humdonoa kichwani kila apitaye. Kwa goti la mama, chagueni safari ya boti isiyoshusha watu, mtawaona ndege na sili kwa karibu vilevile. Bahari ikichafuka boti hazitoki, basi wekeni siku ya pili au ya tatu ili mbaki na akiba.

Chakula: samaki na chipsi vipo kila mahali, ila maduka mengi ya kaskazini hukaangia mafuta ya ng'ombe. Ulizeni kabla ya kuagiza, maana samaki ni halali lakini mafuta hayo siyo. Kijiji cha Craster kuna heringi wa kukaushwa kwa moshi wa mwaloni, hao hawana tatizo hilo.

Jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo magharibi ni saa hizo. Jaketi la upepo ni lazima. Upepo ukitoka mashariki, ukungu wa bahari hufunika pwani hata kama bara ni jua kali, na mnaweza kusimama chini ya ngome ya Bamburgh msiione. Ukitokea hivyo pandeni basi mwende Alnwick, kilomita chache ndani mara nyingi ukungu huwa haupo.