Nina miaka 57, nataka kununua pikipiki ya DT 175 niliyoitamani tangu utotoni. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Uyole

Habari za jioni wakuu. Ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na siku zote nilipanga nisubiri mkupuo wa kustaafu, nimalizie nyumba, kitakachobaki ninunue Yamaha DT 175. Mwaka huu mpango huo umeniishia hamu. Mwezi wa pili tulimzika mwenzangu niliyefundisha naye tangu ujana. Alikuwa amestaafu Desemba. Mjane wake alinionyesha daftari alimoandika mambo ya kufanya akistaafu: kwenda kumwona dada yake Songea, kujifunza kinanda, kufuga nyuki. Hakugusa hata moja.

Kwa nini DT? Nilikulia Rungwe, upande wa Katumba. Bwana shamba wetu alikuwa nayo, na mimi ndiye niliyekuwa naiosha. Alipiga kiki moja tu, moshi wa bluu ukatoka, halafu ule mlio mkali. Masika, udongo ule ukiteleza kama sabuni, yeye alipanda hadi mashamba ya juu. Sijawahi kuitamani pikipiki nyingine.

Sasa ipo moja inauzwa Mafinga, milioni 2.3, kadi ipo. Mke wangu hajakataa ila anaogopa sana. Mwanangu mkubwa anasema nitafute kagari. Niliwahi kuendesha pikipiki za kazi, lakini ni zamani, na goti la kushoto linauma wakati wa baridi. Sitaki biashara ya boda. Nataka Jumamosi niende Isyonje, nipande Kikondo kuelekea Makete, nione maua ya Kitulo, siku nyingine nishuke Matema.

Ninunue sasa au nisubiri? Na je, iwe hii?

Mkulima Njombe

Shikamoo mzee, pole kwa msiba. Mimi nakushauri hiyo hela uweke kwenye miche ya parachichi za Hass. Ya kubebesha mwaka wa tatu wa nne unaanza kuchuma, ndiyo hapo unastaafu.

Mwalimu wa Uyole

Marahaba kijana wangu. Parachichi ninazo, ziko Katumba na zinatusaidia. Hela hii ni ya ng'ombe niliouza, siitoi kwenye ada wala kwenye nyumba. Kwa hiyo swali langu si uwekezaji.

Fundi Mwanjelwa

Mwalimu shikamoo. DT nimezifungua sana, nisikilize.

Muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye bloku, iwe ya baridi kabisa. Injini iliyochoka inakubali ikiwa ya moto na inakataa ikiwa ya baridi, na wauzaji wanalijua hilo. Halafu sukuma kiki kwa mkono, polepole. Lazima ikukatalie. Ikishuka laini, ringi na silinda vimekwisha.

Ikiwaka, moshi wa mwanzo usikutishe. Subiri ipate moto. Moshi mzito ukiendelea, na mwenyewe akakiri kwamba oili ya giaboksi inapungua, sili ya krenki (mpira unaoziba pembeni ya mhimili wa injini) upande wa klachi imekufa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Kisha iache ingurume kwenye saileni, bila gia, usiguse mkono wa mafuta. Mngurumo ukijipandisha wenyewe, inavuta hewa, mara nyingi sili ya upande wa pili, wa magneto. Hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, inachemka, na pistoni inatoboka.

Muulize pampu ya oili, ile inayopeleka oili ya kulainisha pistoni, kama ipo na inafanya kazi. Nyingi ziliondolewa, watu wanachanganya oili kwenye tangi. Si vibaya, ila ujue mapema, maana ukijaza petroli tupu pale Tukuyu ukaondoka, Kyela hufiki. Pistoni itanasa njiani.

Na kitu ambacho wengi hawaambiwi ni mteremko. Hii ni tu-stroki, oili inaingia kwa kufuata mkono wako wa mafuta. Ukishuka Matamba kwenda Chimala, zile kona 57, umefunga mafuta mwanzo mpaka mwisho, pistoni inakimbia karibu kavu. Kila baada ya kona kadhaa shika klachi, pandisha mafuta kidogo, endelea. Tena haikushikilii kwenye mteremko kama fo-stroki, kazi yote inabaki kwa breki, na hizo za zamani mbele zina breki za dramu. Shuka taratibu toka juu, usingoje mpaka imeshika kasi.

Sista wa Forest

Baba shikamoo. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya mifupa. Hofu ya mama naielewa na naomba usiipuuze. Kwa umri wako mfupa ukivunjika unachelewa kuunga, na kulala kitandani muda mrefu kunaleta mengine.

Lakini sikwambii usinunue. Wengi tuliokuwa tunawapokea walikuwa na ndala miguuni, helmeti imewekwa tu kichwani bila kufungwa kidevuni, au ilikuwa usiku. Haya yote yako mikononi mwako. Nunua buti zinazofunika kifundo, glovu na koti zito. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya vidole vinakufa ganzi mpaka breki huisikii. Pima macho na presha kabla hata ya kwenda Mafinga. Ukungu wa Isongole ukikukuta, simama, kunywa chai, usubiri ufunguke.

Na baba yangu, ile barabara kuu ya Uyole kuelekea Inyala na Igurusi achana nayo kadiri unavyoweza. Malori ya Tunduma yakipoteza breki pale hayachagui.

Mstaafu Makambako

Kamwene mwalimu. Nina miaka 63 na napanda Honda XR150L. Kuhusu kusubiri nakujibu waziwazi: usisubiri. Goti linalouma leo halitapona ukifika 60. Miaka hii mitatu ndiyo yenye nguvu zaidi kuliko yote iliyobaki, na ndiyo unayotaka kuipitisha ukingoja malipo. Nyumba isiyo na dari unaweza kuishi.

Kuhusu ipi, hapo nina wasiwasi. DT haina starta, ni kiki tu, na kiki iko kulia. Maana yake mwili wako wote unasimama kwenye mguu wa kushoto, lile lile goti bovu. Ukiwa Mafinga ipige kiki mara kumi, si moja. Halafu ilaze chini kwenye majani, uiinue peke yako. Rafiki yangu alinunua Royal Enfield Himalayan, ile ya cc 411, kwa sababu kiti chake ni cha chini, sentimita 80 hivi. Lakini ina karibu kilo 200, na siku ilipomlalia kwenye matope alikaa mpaka wapita njia wakaja. Yangu kiti kimezidi kidogo hapo ila ni kama kilo 130, naiinua. DT ni nyepesi zaidi, hilo ni zuri kwako. Kiki ndiyo mtihani.

Kijana wa Kabwe

Mzee chukua XR, ina starta, mafuta inakula kidogo, spea hazisumbui.

Fundi Mwanjelwa

Spea ni kweli. Za DT tunaagiza Kariakoo, na wakati mwingine unasubiri. Lakini mwalimu hajasema anatafuta chombo cha kwendea kazini. Amesema anataka DT.

Wakala Soweto

Leseni yako ina daraja A, la pikipiki? Ya gari peke yake haitoshi. Pia namba ya chesisi isome sawa na kadi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye hai na anayepatikana. Chombo cha zamani mara nyingi mwenye jina ameshafariki, unaingia kwenye mirathi ya watu na TRA hawatabadilisha umiliki.

Mwalimu wa Uyole

Ndaga fijo wote. Nimerudi kutoka Mafinga, nilikwenda na mke wangu pamoja na fundi wa hapa.

Injini tuliikuta ya baridi, kiki ilikataa vizuri. Ilipopata moto saileni ikaanza kujipandisha yenyewe, kama Fundi Mwanjelwa alivyosema. Muuzaji hakubisha, ameshuka mpaka milioni 1.8. Kadi ni ya jina lake na chesisi inasoma sawa. Kiki nimepiga mara kumi. Goti nililisikia mara mbili za mwisho, ila lilistahimili. Kuilaza na kuiinua nimeweza. Mke wangu alisimama pembeni akiangalia yote, kisha akaniuliza helmeti zinauzwa wapi, akasema mbili.

Nimelipa. Imepakiwa kwenye Fuso, kesho iko Uyole. Haitapanda mlima wowote kabla sili hazijabadilishwa, na Jumatatu naanza mazoezi ya daraja A.

Anayejua duka la uhakika Kariakoo lenye sili za krenki za DT 175, pande zote mbili, naomba aniambie liko mtaa gani.