Mrejesho: Kadi ya jeshi nimepata, na vyombo vya kupikia pia

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza: mume, askari wa jeshi la Marekani, katumwa ng'ambo, mimi na mtoto tumehamia karibu na kambi ya Fort Bliss, Texas, mizigo haijafika na kadi yangu ya jeshi (kitambulisho cha familia ya askari) imeisha muda, nianzie wapi?

Dada mmoja alinielekeza Army Community Service, ofisi ya familia kambini. Nilitoka na sanduku la plastiki: sufuria mbili, sahani, vijiko, kikaango chenye mpini uliolegea. Wanaazimisha bure, kwa kawaida siku 30. Usiku ule tulikula ugali sakafuni, mtoto akashiba akalala. Jamani, nililia.

Kadi ndiyo ilinitesa. Dirisha la kwanza walinirudisha bila maelezo. Kumbe mume asipokuwepo inatakiwa fomu DD 1172-2 (ya kuombea kadi) aliyoisaini yeye, au hati ya uwakilishi inayokuruhusu kusaini kwa niaba yake, ambayo ofisi ya sheria ya kambi huandaa bure. Nyie ambao waume zenu hawajaondoka, iandaeni sasa.

Kiingereza kikikupiga chenga, Military OneSource, huduma ya msaada kwa wanajeshi na familia zao, hupokea simu saa 24. Niliomba mkalimani wa Kiswahili, nikampata. Wana pia ushauri nasaha, hadi vikao 12 bure, naanza Alhamisi. Mizigo bado naisubiri.