Nyumba imekwisha Mishomoroni, lakini benki inataka cheti

Muulizaji:
Assalamu alaykum. Baada ya miaka minne nimekamilisha nyumba niliyoijenga Mishomoroni, hapa Mombasa, kwa akiba yangu na mkopo wa chama cha ushirika, ambao marejesho yake yananilemea. Nataka kuiweka nyumba rehani, niumalize mkopo huo, kisha nilipe benki kwa miaka mingi. Hati miliki ina jina langu, ila benki imeniomba cheti cha kuruhusu kuhamia, ambacho sina. Fundi aliniambia kuwa ramani iliyoidhinishwa inatosha. Nianzie wapi?

Jibu la 1:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ramani ni ruhusa ya kujenga. Cheti hicho hutolewa na kaunti baada ya wakaguzi kuona kwamba kilichosimama ndicho kilichoidhinishwa, kwa hiyo anza na msanifu aliyeichora ramani. Kinachowakwamisha wengi ni chumba kilichoongezwa njiani: kama unacho, peleka ramani mpya iidhinishwe kabla mkaguzi hajafika. Wakati huohuo maliza kodi ya kiwanja, upate cheti cha kutodaiwa. Mthamini aliyesajiliwa ataangalia nyumba na ardhi zingeuzwa kwa bei gani leo, wala si jumla ya risiti zako za saruji na mawe, nayo benki hukopesha sehemu tu ya thamani hiyo.

Jibu la 2:
Kaka, kama una mke na mnaishi humo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka naye atie saini au aonyeshe ridhaa yake. Tafadhali mshirikishe tangu fomu ya kwanza, kwa maana deni hili litakuwa juu ya paa lake pia. Tenga fedha za wakili, mthamini na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 0.1 ya kiasi kinachodhaminiwa.

Jibu la 3:
Shukuru kwamba hati unayo. Mimi nina nyumba bila ardhi huku Majengo. Kila mwezi namlipa mwenye ardhi, na benki mbili zimenieleza kwamba kuta pekee hazisajiliki kuwa rehani. Ukitaka kuepuka riba, waulize wenye benki za Kiislamu kuhusu musharaka, ambapo benki hununua sehemu ya nyumba, nawe ukaikomboa kidogo kidogo huku ukiilipa benki kodi ya pango kwa sehemu iliyosalia.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Ni kweli niliongeza vyumba viwili vya kupangisha ambavyo havimo katika ramani. Kesho asubuhi nitakwenda kwa msanifu, na mke wangu tutafuatana.