Llantrisant au Harlech? Nina siku moja tu

Msafiri_Mpya: Wakuu, natafuta mji wa kilimani wenye historia huko Wales. Nimebaki na hiyo miwili. Niende upi?

MzeeRamani: Unatokea wapi? Gari au treni? Uko na nani? Bila hayo tunapiga ramli.

Kipepeo: Harlech! Ngome ya Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, ilijengwa 1283 hadi 1289. Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales, aliiteka 1404. Juu ya ukuta unaona milima huku, bahari kule. Llantrisant ngome imebaki kipande cha mnara.

MlaUrojo: Kipande hicho ndipo alipoletwa mfalme Edward wa Pili baada ya kukamatwa, Novemba 1326. Halafu pale Bull Ring, uwanja wa katikati ya mji, kuna sanamu ya Dk. William Price, ngozi ya mbweha kichwani. Mwaka 1884 alichoma maiti ya mwanawe wa miezi mitano, akashtakiwa Cardiff, jaji akasema si kosa mradi watu hawapati kero. Sheria ya 1902 ya kuchoma maiti ikafuata.

FundiReli: Harlech kwa treni kuna mitego. Ukitokea Shrewsbury, treni hukatwa Machynlleth: behewa hizi Aberystwyth, zile Pwllheli kupitia Harlech. Ukikosea behewa, umekwenda Aberystwyth. Ukifika, stesheni iko chini, mji uko juu ya mwamba. Watu hufuata simu, inawapandisha Ffordd Pen Llech na kigari cha mtoto. Katikati ya mlima mmoja anasukuma, mwingine anavuta kwa mbele, mvua ikinyesha soli hazishiki, wanageuza. Na lango la ngome liko upande wa juu, penye daraja la 2015.

Kipepeo: Ndiyo barabara yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani hiyo.

MzeeRamani: Ilikuwa, 2019. Mwaka 2020 taji likarudi Baldwin Street, Dunedin, New Zealand, kipimo kilipochukuliwa katikati ya barabara: 34.8% kwa 28.6%.

Msafiri_Mpya: Natokea Cardiff kwa treni, na mama. Magoti yanamsumbua.

FundiReli: Si ungesema mapema! Shuka Pontyclun, chukua teksi hadi Bull Ring. Usimpandishe kwa miguu.

MlaUrojo: Mpitishe na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza. Sarafu zetu za 1966 zilitoka hapo.

MzeeRamani: Royal Mint ndiyo, hapo sipo. 1966 walikuwa bado London; kiwanda cha Llantrisant kilifunguliwa Desemba 1968.

Msafiri_Mpya: Nimemwonyesha mama picha. Anataka bahari.

FundiReli: Basi si siku moja tena. Tafuteni pa kulala, na iwe upande wa juu.