Raw na gauni jeupe lililoungua, mbona mwanga haurudi?

mgeni_wa_raw:
Wakuu habari zenu. Miaka yote nilikuwa napiga JPEG, picha ambayo kamera imeshaitengeneza na kuibana, juzi juzi nikahamia raw, yaani faili ghafi la kamera kabla halijatengenezwa, maana kila ninayemuuliza ananiambia piga tu, ukikosea utarekebisha kwenye kompyuta. Sasa nimepiga harusi ya dada yangu, jua la saa saba, gauni limetoka jeupe pee. Nimeshusha slaida ya mwanga mpaka mwisho, kwenye mkono lesi imerudi na maua yake yote, ila begani pamebaki kijivu kama bati, hakuna hata uzi. Cha ajabu uso wa mama aliyekuwa kivulini nimeupandisha umetoka vizuri, chenga kidogo tu. Mbona giza linakubali mwanga unakataa? Kamera inapiga 14-bit, au ni mbovu?

fundi_lenzi:
Kamera yako nzima kabisa. Raw ya 14-bit ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, JPEG ina 256 tu kwa kila rangi, ndo maana uso wa mama umepanda bila kuharibika. Lakini ngazi zina mwisho, pikseli ikishajaa basi, uzi, lesi, kitambaa vyote vinaandikwa namba ileile ya juu kabisa, sasa programu itatofautisha nini na nini?

Hapo mkononi ni hivi, kila pikseli imefunikwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na kwenye jua kijani ndo huwa inawahi kujaa. Kijani ikijaa nyekundu na bluu bado zina kitu, programu inazitumia kukisia iliyopotea, lesi inarudi. Begani zimejaa zote tatu. Na hizo chenga za mama ni kwamba sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inahesabu kwa uwiano, mwanga ukiwa mara mbili na namba inakuwa mara mbili, na kila mara mbili hiyo ndo tunaita stopu, kwa hiyo stopu ya juu kabisa peke yake inakula nusu ya ngazi zote, 8,192, inayofuata 4,096, ukifika kivulini zimebaki chache na mwanga wenyewe ulioingia ni kidogo.

Bi_Kamera:
Naongezea, maana hili liliniponza mimi kabla yako. Histogramu, ile grafu ya mwanga unayoiona kwenye kioo cha kamera, haitokani na raw, inatokana na JPEG ndogo ambayo kamera inaitengeneza kwa ajili ya kukuonyesha, ikiwa na kontrasti na rangi ulizochagua. Kwa hiyo inaweza kukwambia pameungua kumbe raw bado ina nafasi, au rangi moja imejaa na wewe huoni. Mdogo wangu weka mtindo wa picha ulio flati, kontrasti chini, utakaribia ukweli. Rangi ya mwanga (white balance) usihangaike nayo, kwenye raw ile ni maelezo tu yaliyoandikwa pembeni, unabadilisha baadaye bila hasara yoyote.

mzee_wa_picha:
Hiyo kauli ya utarekebisha baadaye imewaharibu vijana wengi, naomba muiache. Picha iliyotikisika haiponi, fokasi iliyokwenda kwenye sikio badala ya jicho haiponi. Halafu uzito, megapikseli 24 kwa 14-bit bila kubanwa ni kama MB 42 kwa picha moja, ukifyatua mfululizo kumbukumbu ya muda ya kamera inajaa, inasimama. Mimi pia nilinunua kamera mpya nikarudi nyumbani programu yangu ya zamani haifungui faili hata moja, kila kampuni na raw yake, NEF ya Nikon, CR3 ya Canon, ARW ya Sony. Iliyoniokoa ni kuzigeuza kuwa DNG, aina ya raw inayofunguka kwenye programu nyingi, kwa kigeuzi cha bure cha Adobe. Ukitaka programu ya bure kabisa jaribu Darktable.

mgeni_wa_raw:
Asanteni sana wakubwa zangu, shikamoo mzee. Nimerudi kwenye kadi nikapitia zote, kuna moja nilipiga kabla sijaongeza mwanga, kwenye kioo ilionekana nyeusi nikaidharau. Nimeipandisha stopu mbili sasa hivi, bega lipo na mshono unaonekana.