Wakuu naomba msaada: hili neno "ye" kwenye Biblia ya Kiingereza cha zamani ni wewe, ni ninyi, au ni "the"?

Mkalimani_Moro:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mkalimani kanisani kwetu huku Morogoro, akija mgeni anahubiri Kiingereza mimi ndo nasimama pembeni yake natoa Kiswahili. Wiki mbili zilizopita alikuja mhubiri anasoma ile Biblia ya King James, akafika Yohana 3:7 akasoma "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again", nami nikatoa hapohapo "usistaajabu nilivyokuambia, wewe lazima uzaliwe mara ya pili". Baada ya ibada mama mmoja mzee wa kanisa akaniita, akafungua Biblia yake ya Kiswahili akaweka kidole pale, imeandikwa "Hamna budi kuzaliwa mara ya pili". Hamna, siyo huna. Akaniambia mwanangu, pale Bwana Yesu anaongea na Nikodemo peke yake ila neno lenyewe ni la watu wote, wewe umelifanya la mtu mmoja. Iliniuma sana maana hii kazi naipenda na watu wananiamini, wengi pale hawana namna nyingine ya kujua mgeni kasema nini.

Sasa nikaanza kufuatilia nikazidi kuchanganyikiwa. Mdogo wangu yupo London, kanitumia picha ya baa ya zamani pale Fleet Street imeandikwa "Ye Olde Cheshire Cheese". Hapo ni ninyi nani? Halafu kanitumia picha nyingine, ukurasa wa Biblia ya 1611 yenyewe, Warumi 15:29, pale kwenye "utimilifu wa baraka" ambapo Biblia yangu ina "the", ile ya 1611 ina y halafu e ndogo imekaa juu yake. Jumapili ijayo mgeni anarudi kwenye semina ya vijana na atasoma Biblia ileile. Naombeni mnisaidie, neno moja linakuwaje na maana zote hizi na nitajuaje ipi ni ipi?

KijanaWaMwanza:
Mkuu mbona rahisi, hiyo ni "the" ya kizamani tu. Ukiona ye wewe soma the, maisha yaendelee.

Mwl_Kiingereza:
Hapana kijana, ukimshauri hivyo atakwama mstari wa kwanza tu. Mkuu Mkalimani, hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, yamekutana tu kwenye maandishi.

La kwanza ni "ye" halisi, maana yake ninyi. Kiingereza cha zamani kilikuwa na mgawanyo kama wetu: "thou" ni wewe, "ye" ni ninyi. Tena kilienda mbali zaidi, ye ni pale ninyi mnapotenda, na "you" ni pale ninyi mnapotendewa. Fungua Yohana 8:32, "And ye shall know the truth, and the truth shall make you free". Halafu weka Kiswahili chako pembeni: "tena mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru". Umeona? Ye ndo ile m- ya mtaifahamu, na you ndo ile -wa- ya itawaweka. Sisi tunafanya hivyo kila siku tukiongea bila hata kufikiria, Mwingereza wa leo ndo hana tena maana kote anasema you tu, mmoja you, mia you.

La pili ni la kwenye hiyo baa. Hilo ni "the" na hata kulisoma linasomwa "the", zama zile halikutamkwa "ye". Waingereza walikuwa na herufi yao moja iliyosimama badala ya th, inaitwa thorn yaani mwiba, inaandikwa þ, na watu wa Iceland wanaitumia mpaka leo. Kwenye mwandiko wa mkono wa miaka ile ya mwisho ilikuwa imefanana sana na y. William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, herufi za kuchapia zilikuwa za kutoka bara la Ulaya na hazina mwiba ndani yake, basi wachapaji wakawa wanachukua y. Mstari ukibana nafasi badala ya "the" wanaweka y na e ndogo juu, na "that" wanaweka y na t ndogo juu. Ndo hiyo unayoiona Warumi 15:29.

BintiTanga:
Mwalimu hapo kwenye herufi kukosekana umenikumbusha mbali. Babu yangu alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua zake tunazo mpaka leo kwenye kasha la bibi. Kiarabu hakina p wala hakina mb, kwa hiyo herufi ya b ilibeba zote tatu. Neno lilelile unaweza kulisoma bata, ukalisoma pata, ukalisoma mbata. Ukisoma barua "nimepeleka ... sokoni" inabidi ujue kama babu alikuwa na bata au alikuwa na mbata za nazi, na sisi tunajua maana alikuwa na minazi. Kwa hiyo kaka Mkalimani usiogope, mwandishi alikuwa na herufi hizo tu akazitumia, na msomaji wa zama zile alielewa kwa kufuata sentensi.

Mkalimani_Moro:
Dada BintiTanga umenifungua macho, kumbe na kwetu ipo. Sasa mwalimu naweza kushika hivi: ikikaa mbele ya kitenzi ni ninyi, ikikaa mbele ya jina la kitu ni "the"?

Mwl_Kiingereza:
Itakusaidia mara nyingi ila itakuangusha kwenye Zaburi. Angalia Zaburi 113:1, "Praise, O ye servants of the LORD". Ye imekaa mbele ya watumishi lakini siyo "the", ni "Enyi watumishi wa Bwana". Vilevile Mathayo 8:26, "O ye of little faith", Kiswahili kinasema "enyi wa imani haba". Hiyo enyi yetu inaibeba vizuri mno, sijui kama kuna tafsiri nzuri kuliko hiyo.

Kinachokuokoa ni hiki: Biblia ya King James inayouzwa madukani leo siyo maandishi ya 1611 herufi kwa herufi, tahajia yake ilinyooshwa Oxford mwaka 1769. Zile y za mwiba zote zilirudishwa kuwa "the". Kwa hiyo kama mgeni wako anasoma Biblia ya kawaida, kila "ye" atakayoisoma ni ninyi au enyi, basi. Ile nyingine utaikuta kwenye picha za vitabu vya kale, kwenye maandishi ya mkono na kwenye vibao vya maduka. William Bradford kwa mfano, mmoja wa Waingereza waliohamia Marekani kwa meli ya Mayflower, alivyonakili ule mkataba wao wa 1620 aliandika "In ye name of God", pale ni "the" moja kwa moja.

MzeeWaSongea:
Naongeza kidogo vijana wangu. Msije mkachukua hiyo ya Biblia mkaipeleka kila mahali. Waingereza wa zama za kati walichukua desturi ya Wafaransa, wakawa wanamwambia mkubwa mmoja "ye" au "you" kwa heshima, kama Wachewa wa Malawi wanavyomsalimia mzee mmoja "muli bwanji" kwa wingi. Kwenye tamthilia za Shakespeare utakuta ye na you zimechanganyika, na anaambiwa mtu mmoja tu. Huko ukitafsiri kila ye kuwa ninyi utaharibu. Ila kwenye Biblia watafsiri walishikilia umoja na wingi kwa sababu Kigiriki na Kiebrania vinatofautisha.

Mkaimosi:
Shikamoo mzee. Hapo umegusa historia yetu, mimi ni wa kanisa la Friends (wanaitwa pia Quakers) kutoka Vihiga, Kenya, wamishonari wetu walifika Kaimosi hukohuko 1902. Tulifundishwa kwamba mwanzilishi wetu George Fox na wenzake kule Uingereza miaka ya 1650 walikataa kumwambia bwana mkubwa you, wakamwambia kila mtu thou, tajiri na maskini, na wengine walipigwa kwa hilo. Ndio maana nasikitika watu wakidhani thou ni neno la heshima kubwa eti kwa sababu Mungu anaambiwa thou. Ni wewe tu, vile sisi tunamwambia Mungu wewe.

MzeeWaSongea:
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa.

BintiTanga:
Kwa hiyo hata ile thank ye na ile how d'ye do nazo ni hiyohiyo?

Mwl_Kiingereza:
Ndiyo dada, hizo ni za mazungumzo, ye imelegea tu mdomoni, hapo haichagui mmoja wala wengi. Na "goodbye" ndani yake imo, ilianza kama "God be with ye", Mungu awe nanyi. Ireland bado wanasema ye kwa watu wengi mpaka leo. Ila usichanganye na "yea", hiyo ni ndiyo, Mathayo 5:37.

Mkalimani nikuachie mstari mmoja ujifanyie mazoezi, Luka 22:31 na 32. "Satan hath desired to have you, that he may sift you as wheat: but I have prayed for thee". Anaitwa Simoni peke yake, lakini you inakwenda kwa wanafunzi wote, halafu thee (ndo thou pale wewe unapotendewa) inarudi kwa Simoni. Kiingereza cha leo pote hapo kinasema you, na msomaji hajui kitu kimebadilika.

Mkalimani_Moro:
Nimefungua sasa hivi na Kiswahili: "Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano; lakini nimekuombea wewe". Imekaa palepale, amewataka ninyi, nimekuombea wewe. Nimeusoma huu mstari miaka mingi na sijawahi kuona kwamba anayetishiwa ni kundi zima na anayeombewa ni mmoja.

Nimeshaandika kwenye daftari: thou na thee wewe, ye na you ninyi, O ye enyi. Jumamosi nitakwenda kwa yule mama nikamsomee huu wa Luka kabla ya semina. BintiTanga, zile barua za babu mzipige picha tafadhali, karatasi haingoji.

BintiTanga:
Tumeanza kaka, ishirini na tatu tayari. Ile ya mbata ndo ya kwanza.