Naomba ushauri: kipo kipimo cha kutabiri uchungu pingamizi, yaani uchungu unaokwama mtoto asizaliwe?

Mleta mada: Habari za jioni, wanajamvi. Mke wangu ana mimba ya wiki 37, nasi tunaishi Kibaigwa. Nimesoma kwamba watafiti wa Sweden hupima lakteti (kemikali inayotolewa na misuli iliyochoka) katika maji ya chupa ya uzazi ili kujua kama uchungu utakwama. Je, Dodoma mjini kipimo hicho kinapatikana, ili majibu yakiwa mazuri ajifungulie zahanati ya kijijini kwao?

Mkunga Mstaafu: Ndugu yangu, maji hayo hupimwa chupa ikishapasuka na uchungu ukiwa umeanza, kwa hiyo hayakusaidii kuchagua mahali leo. Misuli ya mfuko wa uzazi ikichoka kwa kukosa oksijeni hutoa lakteti nyingi, na watafiti hao walishuku uchungu kukwama ilipozidi takriban milimoli 10 kwa lita. Lakini lakteti haionyeshi kama nyonga inatosha mtoto kupita. Kadi ya kliniki inasemaje?

Mama wa Kondoa: Mimi nilikaa na uchungu siku mbili kijijini, mvua ikiwa imekata barabara, na mtoto sikumpata. Akina baba, msiache maamuzi haya hadi wiki ya mwisho.

Msomaji wa Bahi: Naona shaka. Anayejua utafiti wa Sweden hawezi kukosa kutaja mimba ni ya ngapi. Huenda ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya kazi ya chuo.

Mleta mada: Sijatunga. Kadi inaonyesha urefu sentimita 148, mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji mwaka juzi. Sikutaja kwa sababu nilijua mtanikataza, na tayari yuko kwao tangu Jumamosi. Alifokewa sana wodini, akaniomba asirudi, na mama yake amezaa saba salama.

Mkunga Mstaafu: Kufokewa kulikuwa kosa, na kuumia kwake moyoni nakuelewa. Hata hivyo mama yake hakuwa na kovu la upasuaji kama yeye. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia katikati ya uchungu, na zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kumwongezea. Mrudishe kesho, akae chigonela (nyumba ya wajawazito kusubiri kujifungua) ya hospitali inayofanya upasuaji, na uchungu ukianza wauchore kwenye patografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu) tangu mwanzo.

Mleta mada: Nimempigia mama mkwe. Amekubali wapande gari la alfajiri, ila anauliza kama naye ataruhusiwa kulala chigonela.